Mgeni wa Magoti

Jiko la Mpishi halikukaa chini. Hilo ndilo nililoliona kwanza nilipopanga chumba uani kwake, mtaa wa Kabondo, mwaka wa uhuru, nikiwa msichana mwenye sanduku moja na miguu isiyotulia. Wanawake wote niliowajua, kwetu Yanonge na hata mjini, walipika wameinamia mafiga matatu. Yeye alimwita mwashi akamjengea ukuta wa matofali uliofika kiunoni, na moto ukawaka juu yake kama taa juu ya meza. Vitunguu vilining'inia kwenye kamba, usawa wa kifua. Chumvi, mafuta ya mawese, iliki, miiko, vyote vilikaa kati ya kiuno na bega. Chini hakukuwa na kitu isipokuwa kuku.

"Kitu ikianguka, imekufa," aliniambia siku ile ya kwanza, kijiko kilipomponyoka. "Kama uko na huruma, fufua."

Nikakiokota. Nadhani ndivyo alivyonipangisha chumba.

Alikuwa mpishi wa harusi. Familia za Waislamu wa zamani wa mjini hazikuoza binti bila yeye, na hata Wakristo wa mtoni kama sisi Walokele, mtu akijaliwa kidogo, alimwita apike pilau ili watu wakubali kwamba harusi ilikuwa harusi. Alipika pia kwenye matanga na maulidi. Watu walimwita Bibi Mupishi. Jina lingine sikuwahi kulisikia likitumika, na wakati huo sikuona sababu ya kuliuliza.

Tangu hapo nimekaa miji mingi. Bunia, Kasese, Bujumbura, na sasa Kigoma, ambako naandika haya huku nikiwaza pa kwenda tena. Kila ninapofika huangalia majiko ya watu. Bado sijaona jingine kama lile.

Ugonjwa wake ulikuwa magotini, na zaidi goti la kulia. Hakusema "naumwa". Alisema, "Mugeni amekuya." Alikuwa na hoja zake. Mgeni hatumi taarifa. Anaingia wakati umepanga mambo mengine. Ukimuuliza ataondoka lini, umekosa adabu, na ukimfukuza anakaa zaidi. "Mugeni unamupa kiti, unamupa maji ya moto, unangoja," alisema, na ndivyo alivyofanya kwa kweli: kiti cha juu, vitambaa vilivyochovywa kwenye maji ya moto, kisha kungoja.

Ua mzima ulilichukua neno lile. Asubuhi ungesikia jirani akiuliza juu ya ua wa miti:

"Mugeni iko?"

"Alienda jana."

"Alikuaga?"

"Ule? Nani alimufundisha kuaga?"

Mgeni alipokuwa amefika, majirani walimletea chakula Mpishi, maana mtu anayelisha mtaa haachwi na njaa. Walileta sahani mbili. Moja yake na moja ya mgeni. Ulikuwa mzaha wa zamani, ulianza kabla sijafika. Sahani ya mgeni kwa kawaida niliila mimi.

Kilichomchosha hakikuwa maumivu pekee. Alisema maumivu yanayokaa mtu huyazoea, kama paa linalovuja mahali pamoja: unaweka ndoo. Yake yalivuja popote. Wiki nzima alitembea mpaka sokoni na kurudi akiimba, na asubuhi iliyofuata hakuweza kukivuka kizingiti. Alitafuta sababu bila kupumzika. Kwanza alilaumu mvua, lakini mgeni akaja kiangazi. Akalaumu maharage, akayaacha, mgeni akaja. Akalaumu mwezi mchanga, samaki wasio na magamba, ugomvi wa asubuhi, kulala ubavu wa kushoto. Nilimwona akiacha pilipili kwa wiki kadhaa akiwa na uso wa mtu aliyefiwa, kisha akairudia na kulia kwa raha. Muuguzi wa dispensari alimwambia kwamba hakuna homa wala uchawi, mifupa ya goti imechakaa, na siku nyingine huwaka, siku nyingine hutulia, wala hakuna ajuaye ratiba. Ajipumzishe ikiwaka na atembee ikitulia.

"Imechakaa," alirudia njiani, amechukizwa. "Sawa na pazia." Lakini alifuata shauri lile kuliko mashauri mengine yote, isipokuwa mafuta ya chatu, ambayo aliendelea kujipaka akisema hayasaidii kitu.

Waliokuja kumwomba apike aliwapa jibu moja. "Mikono naahidi. Magoti muulize asubuhi." Waliomjua walikubali, na asubuhi ya harusi walituma mtu. Magoti yakikubali, alikwenda kwa miguu mbele ya wasaidizi wake, kidevu juu. Yakikataa, walileta pusupusu, kigari kile cha kusukuma mizigo, naye akakaa juu ya gunia la mchele, mwiko mkononi, akisukumwa barabarani na kuwasalimu watu kulia na kushoto. Watoto walishangilia kama kwamba bibi harusi ndiye yeye. Huko alipika akiwa kitini, akionyesha kwa mwiko: geuza, ongeza, acha, nilisema acha. Watu wengi walisema pilau ya kitini ilikuwa tamu kuliko ya kusimama. Hilo lilimuudhi.

Fimbo hakuitaka. Ilikuwa ya wazee. Ukimpa mkono ainuke, alikufokea, na usipompa alinuna mpaka jioni. Na yeye aliyetaka dunia imwelewe hakuwa na huruma hata kidogo na wagonjwa wengine. Nilipolala na malaria alisimama mlangoni akasema, "Malaria iko na dawa. Kunywa, tokwa jasho, simama. Usinifanyie teatre."

Aliswali ameketi. Siku moja alipomaliza nilimuuliza kama hilo lilimsumbua. Akakunja mkeka polepole.

"Mungu anaona, anajua siko muvivu," alisema. "Batu njo bagumu."

Watu ndio wagumu. Alikuwa akimsema wifi yake.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikaa chumba cha upande wa pili wa ua. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu na sauti iliyofika hadi barabarani. Alikuwa msaidizi wa kwanza wa Mpishi katika kila harusi, na adui yake wa kwanza pia. Mpishi alipolala, masufuria yote yalimwangukia wifi. Basi alitangaza bombani, mbele ya foleni ya ndoo, kwamba ugonjwa wa Bibi Mupishi una macho.

"Ikiona kazi, inakuya. Ikiona ngoma, inaenda. Alors, munaita ile ugonjwa?"

Watu walicheka, kwa sababu ilionekana kuwa kweli. Kulikuwa na harusi moja ambapo Mpishi alicheza mbele ya wote, amefungwa kitenge kiunoni, akishuka hadi chini na kuinuka kama msichana. Asubuhi iliyofuata kukawa na msiba nyumba ya jirani, na Mpishi hakuweza kutoka kitandani. Wafiwa walimwona alivyocheza. Hawakumwita tena kwa muda mrefu, na mama wa nyumba ile hakumjibu salamu. Mpishi aliniambia alijua atalipa kwa ngoma ile, ila alidhani atalipa siku mbili baadaye, kama kawaida.

"Afazali ningevunjika muguu," alisema. "Muguu ya kuvunjika, batu banaiona."

Hicho ndicho alichokitaka kuliko kupona, nadhani: aaminiwe. Kupona alikuwa ameacha kuomba.

Kisha uasi ukaingia mjini. Sitausimulia wote. Kwetu Kabondo ulianza kwa maduka kufungwa na barabara kunyamaza, halafu vijana wakapita wamefunga majani vichwani, wana mikuki, wachache wana bunduki. Walikuwa na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa ilikuwa na miiko yake: wasiguswe na mwanamke, wasile kilichopikwa na mwanamke mwenye mimba au aliye mwezini. Kwa hiyo walitafuta wapishi waliokoma kuzaa. Mpishi aliyejulikana kuliko wote alikuwa uani kwetu.

Wakati uleule walikuwa wakitafuta wageni. Neno lile lilikuwa limegeuka midomoni mwa watu bila sisi kuangalia. Mgeni sasa alikuwa mzungu aliyejificha, au karani wa serikali, au mtu yeyote aliyewekwa darini na rafiki. Nyumba iliyokutwa na mgeni wa namna hiyo haikuulizwa maswali mengi.

Walikuja mchana. Mpishi alikuwa kitandani kwa siku chache, goti limekaza kama mti, na mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Wifi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nafua. Kapiteni wao alisimama langoni na vijana wake, mtu wa makamo mwenye ndevu na sauti iliyokauka, akasema wanamtaka Bibi Mupishi kambini.

Mpishi hakutoka kuangalia ni nani. Alijibu kama alivyojibu kila mtu.

"Rudini kesho. Leo siwezi kutoka, niko na mugeni ndani."

Mchi wa wifi ukabaki juu.

"Mugeni gani?" Kapiteni aliuliza.

"Ule ule. Alikuya tangu juzi."

"Mundele? Muzungu?"

Akacheka huko ndani. "Angekuwa mundele, angeenda na uhuru."

Waliingia wote pamoja. Walitazama chini ya kitanda, wakachoma dari kwa mikuki, wakaja chumbani kwangu na kulimwaga sanduku langu, wakamwaga na la wifi. Kisha kijana mmoja akatoka na sahani mbili, moja imeliwa, moja imefunikwa kwa jani.

"Mama mumoja," alisema Kapiteni. "Sahani mbili. Hii ya nani?"

"Ya mugeni," Mpishi alijibu, kwa mazoea tu, na ndipo nilipomwona akiziba mdomo kwa kiganja.

Akaeleza. Alieleza haraka na vibaya, kwamba mugeni ni jina tu, kwamba ni ugonjwa, uko magotini, unamzuia kusimama, muulizeni mtu yeyote. Kapiteni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Simama," akasema.

Mpishi alishika ukingo wa kitanda, akaukaza uso kama alivyoukaza kila asubuhi mbaya, akajisukuma. Akasimama. Alisimama wima, mara moja, kama mtu anayeinuka mezani. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akafika mlangoni kwenye mwanga, na uso wake haukuwa na furaha hata kidogo. Mgeni alikuwa ameondoka. Asubuhi ile nilikuwa nimemshika nikimpeleka chooni akiuma kitenge chake. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu wenye bunduki, na magoti yake yalikuwa mazima.

"Magoti muzuri," Kapiteni alisema.

"Ilikuwa inauma asubuhi."

"Na sasa?"

"Sasa imeenda."

"Imeenda wapi?" kijana mmoja aliuliza. "Iliruka ukuta?"

Wenzake walicheka. Kapiteni hakucheka. Aligeuka kumtazama wifi, aliyekuwa bado na mchi mkononi.

"We mama. Unakaa hapa. Uyu iko mugonjwa, ao anaficha mutu?"

Hakuna mtu Kabondo ambaye hakujua wifi alikuwa akisema nini bombani miaka yote ile. Mpishi alifumba macho. Nilitaka kukimbia, na kwa mara ya kwanza maishani miguu yangu haikunisikia.

Wifi aliweka mchi chini. Akafuta mikono.

"Kapiteni," alisema, "miye na uyu mama hatupendane. Uliza quartier yote, mutaa muzima. Donc siwezi kudanganya kwa ajili yake. Magoti yake iko na ugonjwa. Inakuya, inaenda. Hakuna mutu ndani."

Kijana mmoja, mzaliwa wa mtaa wetu, akadakia. "Kapiteni, uyu mwenyewe njo anasema kila siku ile ugonjwa ni uongo."

"Nasema vile," wifi akamjibu, "juu akilala, kazi yote inabaki kwangu. Sikusema haumwe." Akanyoosha mkono wake mrefu kuelekea chumba cha Mpishi. "Angalieni ukuta, pale kwa kitanda. Anajivuta nayo kila asubuhi. Kila Idi napakaa chokaa, mafuta ya mikono inarudi. Na akifikiri hatuko, anashuka ile ngazi ya mulango mugongo mbele, sawa na mutoto. Nimemuona. Miaka yote nimemuona."

Kapiteni alikwenda kuutazama ukuta. Alirudi, akasimama mbali kidogo na Mpishi, kwa sababu hakuruhusiwa kumgusa.

"Apinde goti," alisema. "Nyinyi munyamaze."

Mpishi alishika mwimo wa mlango, akalipinda goti la kulia, akalinyoosha. Akalipinda tena. Uani kukiwa kimya vile, sote tulisikia: kama mtu anayekanyaga maganda ya karanga, humo ndani ya mguu.

"Iko nini ndani?"

"Njo ile," Mpishi alisema. "Inasema hata siku haiume."

Kapiteni alirudi nyuma hatua moja, mkono ukaenda kwenye kifuko cha dawa shingoni. Akawaambia vijana wake kwamba mwanamke mwenye kitu kinachosema mifupani asiwapikie watu wake, kitaingia chakulani na kuiharibu dawa. Wakaondoka. Walichukua kuku wote.

Nilidhani Mpishi atalia, au atamshika wifi mkono. Aliketi kitini akayatazama magoti yake. Wifi aliokota mchi. "Sombe itageuka nyeusi," alisema, akaendelea kutwanga.

Jioni ile ndipo hasira ilipomjia Mpishi. Nilikuwa namkanda kwa kitambaa ingawa hakikuhitajika.

"Alijua," alisema. "Unasikia, Lokele? Alijua miaka yote. Na alinifanya kichekesho mbele ya batu."

"Lakini leo amekuokoa, Bibi."

"Angekuwa haamini, ningemusamehe."

Hakusema naye kwa siku nyingi. Walipika bega kwa bega chakula kidogo tulichopata, wakipitishiana chumvi kupitia kwangu. Lakini wifi hakusema tena neno bombani, na watu walipojaribu kumchokoza ili aseme, alijaza ndoo yake akaondoka. Sijui ni nani kati yao aliyeanza kuongea. Ndege zilikuwa zimekwisha kupita juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, askari wa serikali wamejaa mjini, na mimi nilikuwa nimepata nafasi kwenye lori la Bunia. Nilipokuja kuaga niliwakuta wakigombana juu ya wali, kwa sauti za kawaida.

"Miguu yako inakimbia, yangu inalala," Mpishi aliniambia. "Mungu aligawa vibaya." Hakunisindikiza hadi langoni. Ilikuwa moja ya siku zile.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa nikipita tu, kama ninavyopita kila mahali: nimeshuka kwenye lori asubuhi, na boti ya kunipeleka Yanonge kwa kaka yangu ilikuwa iondoke alasiri kutoka bandari ya Makiso. Nilitembea hadi Kabondo nikijiambia nitasalimu na kunywa chai, basi.

Walikuwa wameketi barazani, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye mkeka, wazee wawili waliokauka. Mpishi hakuwa akienda tena harusini. Mama za mabibi harusi ndio waliomjia, wakimwuliza mchele kiasi gani, maji kiasi gani, naye aliwajibu akiwa amekaa, na wifi aliwasahihisha. Nilimuuliza habari za mgeni.

"Ule si mugeni tena," alisema. "Amejenga."

Nilicheka, nikakaa mkekani. Tulizungumza juu ya waliokufa na waliooa vibaya. Aliniuliza kwa nini sikutulia mahali, nikamwambia kazi, biashara, vitenge huku na dagaa kule. Sikumwambia jambo lingine. Sijamwambia mtu. Tangu Bujumbura, goti langu la kushoto huwa linaamka siku moja likiwa si langu, kisha linarudi kuwa langu. Mfanyabiashara wa njiani akisema mguu unamuuma, kesho wenzake wamempata mwingine. Asubuhi ile nilikuwa nimetembea vizuri kabisa.

Jua lilipovuka paa nikajua ni wakati. Nikaweka kiganja sakafuni niinuke, na goti likakataa. Nikajaribu tena, polepole, nikijifanya natafuta kitu chini ya kitenge. Jasho likanitoka mgongoni.

"Ngoja nimalize chai," nilisema.

Kikombe changu kilikuwa kimekauka. Mpishi alikitazama. Hakunitazama mimi.

"Lokele, boti itakuacha," wifi alisema. "Kabondo na bandari si mulango na dirisha."

"Muache," Mpishi akamwambia. "Atasimama wakati atasimama."

Akayaelekeza macho barabarani na kuanza kusimulia habari ya harusi moja ya Makiso, jinsi shangazi wa bwana harusi alivyofunua sufuria kabla ya wakati, jinsi mvuke ulivyotoka, nani alisema nini. Habari yenyewe niliijua. Aliisimulia taratibu, akirudi nyuma, akikosea majina makusudi na kujisahihisha, bila kunigeukia hata kidogo, na mimi nilibaki na kiganja changu sakafuni.

Honi ya boti ikasikika kutoka mtoni. Wifi aliutazama mkono wangu. Kisha akainuka, akalichukua begi langu pale mlangoni, akaliingiza ndani. Nilimsikia akikung'uta godoro.